Tope la Zama za Kati

Gichuki alijua fika kwamba Wazungu wa Zama za Kati walikuwa wakioga. Alifundishwa hayo chuoni, Nairobi, na mhadhiri mmoja mzee aliyekuwa akisoma Kilatini kwa sauti kama mtu anayesali peke yake. Miji ilikuwa na nyumba za kuogea. Mtu hakuketi mezani bila kunawa mikono. Mkulima asiye na bafu alikuwa na mto, au beseni na kitambaa. Viungo vya chakula vilitoka mbali na vilikuwa ghali, kwa hiyo hakuna aliyekuwa mjinga kiasi cha kuvimwaga juu ya nyama iliyooza. Na wale wanaosemwa kwamba walikufa wote wakiwa vijana, wengi wao, wakishavuka utoto, walizeeka wakaota mvi na kulalamikia magoti. Gichuki aliyapenda mambo hayo. Ndiyo yaliyomfanya awe mwalimu wa historia, na ndiyo aliyokuja nayo kichwani alipohamia Dallas na mkewe Immaculate, ambaye ni nesi, mwishoni mwa miaka ya tisini.

Mwaka wake wa kwanza katika shule moja ya sekondari, si mbali na mtaa wa Vickery Meadow, aliwafundisha watoto ukweli. Wakasinzia. Mmoja akamuuliza imekuwaje Mwafrika awafundishe wao habari za wafalme na ngome. Darasa likacheka, naye akacheka pamoja nao, maana hakujua afanye nini kingine. Mkuu wa shule, mama mrefu mwenye sauti ya upole, alikuja kukaa nyuma ya darasa akaondoka kabla ya kengele. Baadaye alimwita ofisini.

"Bwana Gichuki, elimu unayo nyingi," alisema. "Lakini watoto hawa wanataka kitu cha kuona."

Basi akawapa kitu cha kuona.

Ilianza kama mzaha. Siku moja, akiwa amechoka, aliwaambia kwamba watu wa zamani walioga mara moja kwa mwaka, familia nzima katika maji yale yale, baba wa kwanza na mtoto mchanga wa mwisho. Vichwa vikainuka madawatini. Kesho yake akaongeza meno meusi. Akaongeza nyama yenye funza. Akasema walidhani dunia ni bapa kama sahani na kwamba meli zikienda mbali zinadondoka. Watoto walipiga kelele za kinyaa na kuomba zaidi. Alishangaa jinsi uongo ulivyokuwa mwepesi mdomoni, na jinsi sura zile zilizokuwa zikimtazama kama ukuta zilivyogeuka kuwa sura za watu wanaompenda.

Mwaka uliofuata akaanzisha Siku ya Zama za Kati. Ilifanyika kwenye ukumbi wa michezo, na wazazi walikuja na kamera zao za video. Watoto wachache walikuwa mabwana na mabibi, wakakaa meza ya juu na mataji ya karatasi. Waliobaki walikuwa wakulima: walivaa magunia, wakajipaka masizi, wakala kwa mikono wakijifuta puani. Darasa la useremala lilitengeneza mkatale, mbao mbili zenye matundu ya kubana shingo na mikono ya mhalifu. Anayewekwa humo alirushiwa sponji za maji. Gichuki mwenyewe alivaa joho la mahameli jekundu akawa bwana wa ngome. Siku hiyo hakuna aliyekumbuka anatoka wapi. Walicheka pale alipotaka wacheke.

Merveille alifika shuleni miaka michache baadaye, majani yalipoanza kuanguka kuelekea msimu wa baridi. Alikuwa na miaka kumi na sita, mzaliwa wa Uvira, Kongo, na nusu ya maisha yake ilikuwa imekwisha katika kambi ya wakimbizi Kigoma. Mama yake, Annonciata, alifua mashuka ya hospitali. Waliishi wawili tu katika nyumba ya chumba kimoja Vickery Meadow, ghorofa ya juu, na kila asubuhi binti alishuka ngazi akiwa na blauzi iliyopigwa pasi hadi kwenye kola.

Siku ya kwanza alimsikia Gichuki akiongea Kiswahili kwenye simu katika korido ya makabati ya wanafunzi. Akasimama ghafla, macho yamemtoka.

"Mwalimu! Unasemaka Kiswahili!"

Gichuki akaangalia huku na huku. "Hapa shuleni tunaongea English, sawa?" alimjibu kwa sauti ya chini. "Ndiyo utajifunza haraka."

Lilikuwa jibu zuri, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alikuwa akijua kwamba si kwa ajili ya Kiingereza cha msichana alilisema.

Hakuweza kumkwepa kila mahali. Jumapili mchana Wakenya, Wakongo na Watanzania wachache walikutana kwa ibada ya Kiswahili katika kanisa la kuazima, na Annonciata alikuwa akikaa mstari wa mbele. Siku moja alisimama kutoa ushuhuda akamshukuru Mungu kwamba mtoto wake, katika nchi ya watu asiowaelewa, alikuta mwalimu wa lugha yake amemtangulia. Watu wakamgeukia Gichuki wakapiga makofi. Immaculate alimfinya mkono kwa furaha.

Darasani, Gichuki alipofika kwenye somo la kuoga, Merveille aliinua mkono. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Kwa Kiingereza cha kuokoteza aliuliza kwa nini watu wale hawakuoga. Mto hawakuwa nao?

Darasa lilicheka, si sana. Gichuki alimtazama. Lilikuwa ndilo swali ambalo mhadhiri wake mzee angelifurahia, na jibu lake alikuwa nalo, lote, pamoja na nyumba za kuogea na mabeseni.

"Walikuwa nao," alisema. "Hawakujua faida yake. Walikuwa watu wa giza."

"Kila mtu anajua kuoga," alisema Merveille.

"Labda kwenu huko mnaoga na mamba," alisema kijana mmoja aitwaye Tanner, na sasa darasa likacheka kwelikweli. Gichuki aligeukia ubao ili asionekane kwamba na yeye ametabasamu.

Baada ya kengele msichana alimsubiri mlangoni. Wenzake walikuwa wameshatoka, kwa hiyo alitumia Kiswahili. "Mwalimu, hata kule kambi tulikuwa tunaoga kila siku. Maji ilikuwa kidogo, lakini tunaoga. Mama hawezi kukubali mutu alale na vumbi."

"Najua, Merveille. Ni somo tu."

"Lakini kama si kweli?"

"Nenda, utachelewa," alisema Gichuki.

Tanner ndiye aliyependekeza jina la Merveille. Alikuwa mcheshi wa darasa, kijana mkubwa wa kimo, na baba yake alikuwa akijulikana sana na mkuu wa shule. Walipokuwa wakigawana nafasi za Siku ya Zama za Kati alisema Merveille awekwe kwenye mkatale. Hana haja ya kuigiza, alisema, yeye katoka huko huko. Wengine walipiga meza. Gichuki alitakiwa kuyakata maneno yale pale pale. Badala yake alimuuliza msichana, kwa Kiingereza cha haraka, kama angependa kuwa mkulima aliyeiba mkate wa bwana. Alitikisa kichwa kukubali, kama alivyokubali kila alichoambiwa kwa Kiingereza. "Vizuri sana," akasema Gichuki, na hakumweleza mkatale ni kitu gani.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Mkuu wa shule alikaa na wazazi mbele, karibu na baba yake Tanner. Merveille alikuja amevaa gunia juu ya blauzi yake nyeupe, kwa sababu alidhani gunia ni kitu cha kuvaa kwa juu. Wasichana wawili wakampaka masizi mashavuni na alivumilia, tena alicheka kidogo. Walipomwonyesha mkatale alirudi nyuma. Wakamsukuma kwa utani, wakamwinamisha, ubao wa juu ukashushwa na komeo likafungwa.

Gichuki, ndani ya joho lake, alisoma hukumu. Sponji zikaanza.

Mwanzoni zilikuwa sponji za maji. Kisha Tanner akazichovya kwenye ndoo ambayo hakuna aliyeiona ikiingia. Alikuwa amechanganya udongo wa uwanjani na masalia ya kahawa na maziwa yaliyochachuka, na harufu yake ilifika meza ya juu. Ya kwanza ilimpata Merveille kwenye sikio. Ya pili ilimpata mdomoni. Watoto wakapanga mstari, kila mmoja akitaka zamu yake. Mtu akapaza sauti, "Hajaoga mwaka mzima!" na ukumbi ukaipokea, wakaiimba kwa kupiga miguu. Kamera zilikuwa zikirekodi. Msichana alikuwa akigeuza uso kushoto na kulia, ila shingo ilikuwa imebanwa, na tope lilimtiririka likaingia machoni, na mikono ya kulifuta ilikuwa mbali, kwenye matundu yake.

Akamtafuta Gichuki kwa sauti, kwa kuwa macho hayaoni.

"Mwalimu! Unitoshe! Nakuomba, unitoshe huku!"

Wakongo wakisema kumtosha mtu wana maana ya kumtoa. Gichuki alikuwa amekaa nao kanisani vya kutosha kulijua hilo. Lakini kwa Wakenya neno lile lina maana nyingine kabisa, na yeye, akiwa hatua chache tu kutoka kwenye komeo, alilishika hilo kama mtu anayeshika kamba. Hajasema nitoe, alijiambia. Mkuu wa shule alikuwa anatabasamu. Baba yake Tanner alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Akienda sasa kufungua, akamjibu mtoto huyu kwa lugha yake mbele ya ukumbi mzima, watawaona wawili waliotoka mahali pamoja.

"Anasemaje?" aliuliza Tanner akigeuka, sponji mkononi.

Gichuki aliinua mabega ndani ya mahameli. "Nani ajuaye lugha ya wakulima?" alisema kwa Kiingereza, kwa sauti ya bwana wa ngome.

Hakuwahi kuchekesha watu kama alivyowachekesha siku hiyo.

Walipomaliza, msichana mmoja alifungua komeo. Merveille alisimama akijishika shingo. Alijifuta macho kwa kiganja, akaangalia aliko Gichuki, muda mrefu kidogo, kama anayehakikisha ni yeye. Kisha akaona mwiko mkubwa wa mbao kwenye meza ya wakulima, akauchukua, akampiga nao Tanner usoni kwa nguvu zake zote. Kijana alianguka, ngozi ya nyusi imepasuka. Kicheko kilikatika. Askari wa shule alikimbia, akamshika Merveille mikono nyuma na kumtoa nje, tope likimdondoka msichana sakafuni hadi mlangoni.

Jioni ile mkuu wa shule alimuuliza Gichuki maswali machache. Je, msichana alikubali kushiriki?

"Alikubali. Darasa zima ni shahidi."

"Nilimsikia akipiga kelele. Wewe lugha yake unaielewa, si ndiyo? Alikuwa anasema nini?"

"Hakusema kitu cha maana," Gichuki alijibu. "Alikuwa akiigiza."

Kwa kuwa Kiswahili alikuwa akikijua yeye tu, walimwomba awe mkalimani mama alipoitwa. Annonciata alikuja na nguo zake za kanisani. Alikuwa ametumia usiku kucha kutoa tope kwenye nywele za binti yake, na vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji. Merveille alikaa pembeni yake akiangalia zulia. Annonciata alipomwona Gichuki akiingia, mabega yake yalishuka kwa nafuu.

"Asante Yesu, ni wewe," alisema. "Mwalimu, ubaulize nani alipaka mutoto wangu ile matope. Na bakubwa balikuwa wapi? Mimi nilimufundisha adabu, hapigake mutu. Ubaulize balimufanya nini."

Mkuu wa shule alimgeukia Gichuki, akingoja.

Njia ilikuwa wazi na fupi. Ilimpasa kurudia tu maneno ya mama. Gichuki alikohoa.

"Anasema anasikitika sana," alisema kwa Kiingereza. "Anauliza yule kijana anaendeleaje."

Uso wa mkuu wa shule ulilainika. "Mwambie namshukuru kwa moyo huo. Wazazi wengi huingia hapa wakitaka ugomvi. Na yeye nimwulize, kuna lolote ambalo sisi tungefanya vizuri zaidi?"

Gichuki akamgeukia Annonciata. "Anasema wameshachunguza, mama. Ulikuwa mchezo, wote walipakwa. Merveille peke yake ndiye aliyepiga mtu."

Merveille akainua kichwa. Kiingereza cha kuongea kilikuwa bado kinamshinda, ila cha kusikia alikuwa nacho.

"Mama, hakusema ivyo," alisema. "Anakudanganya. Hata maneno yako hakuisema."

Annonciata alimpiga kofi la paja. "Nyamaza! Mwalimu anasema na wewe unasema? Unatafuta kunipatisha haya?"

Msichana alimgeukia mkuu wa shule, akayatafuta maneno moja moja. Alisema kwamba mwalimu hakusema alichosema mama. Yalitoka yamevunjika na kupinduka.

"Ana maana gani?" mkuu wa shule aliuliza.

"Bado anachanganya maneno," alisema Gichuki kwa huruma. "Amepitia mengi huko walikotoka. Kambi, vita. Wakati mwingine wanakuwa na hasira."

Mkuu wa shule aliitikia kwa kichwa polepole. Hilo lilimwingia akilini. Alieleza kwamba aliyemjeruhi mwenzake hawezi kubaki, na kwamba kuna shule nyingine, ya watoto wenye matatizo ya tabia, upande wa pili wa mji. Sehemu hiyo Gichuki aliitafsiri neno kwa neno. Annonciata alishukuru, akatia sahihi kwa vidole vyake vilivyokunjamana mahali alipoonyeshwa.

Jumapili, wakati wa ushuhuda, Annonciata alikuja mbele akimvuta binti yake kwa mkono. Akachukua kipaza sauti. Alisema kwamba mtoto wake alimwaibisha mwalimu mbele ya Wazungu, mtu aliyewasaidia, mtu aliyesimama kuwasemea ofisini walipokuwa hawana mdomo. Alisema hawezi kulala mpaka jambo hilo liishe. Akamwita Gichuki apite mbele.

Gichuki alitembea hadi madhabahuni. Kwa muda mfupi, akiwa katikati ya viti, alifikiri kwamba huenda akasema. Watu wote hawa walikuwa wakikijua Kiswahili. Hapa asingehitaji mkalimani.

"Piga magoti," Annonciata alimwambia binti yake.

Merveille hakupiga. Mama akambonyeza bega, kwanza polepole, kisha kwa nguvu, na akina mama wawili wakaja kusaidia, wakiomba kwa sauti juu ya roho ya ukaidi. Akapiga magoti.

"Sema."

"Mwalimu, unisamehe," alisema Merveille. Hakulia. Sauti yake ilikuwa kavu kama ya mtu anayesoma kibao cha barabarani.

Annonciata akampa Gichuki kipaza sauti. Aliona Immaculate pale alipokaa, ameweka mkono kifuani, akimtazama kwa upendo ambao hakuwa ameuona siku nyingi. Akaweka kiganja juu ya kichwa cha msichana.

"Nimekusamehe, mwanangu," alisema. Na kwa kuwa watu walisema amina kwa nguvu, akaona aongeze. "Nchi hii inataka nidhamu. Ukiwa na nidhamu, utafika."

Amina ya pili ilikuwa kubwa zaidi.

Baada ya ibada Annonciata alimletea sufuria ya sombe, yaani kisamvu, iliyofungwa kwa kitambaa, na Merveille akatumwa kuibeba hadi kwenye gari. Aliiweka kwenye kiti cha nyuma, akaisogeza isimwagike. Kisha akasimama na mkono kwenye mlango.

"Mwalimu," alisema, "siku ile ulinisikia?"

Immaculate alikuwa anakaribia, akiagana na watu.

"Funga mlango vizuri," alisema Gichuki. "Huo mlango una tabia ya kujifunga nusu."

Akaufunga.

Nyumbani waliila ile sombe kwa wali. Immaculate alisema Wakongo wanajua kupika majani, na kwamba yule mama ameteseka na mtoto wake, maskini. Gichuki alirudia kupakua.

Merveille alikaa katika ile shule nyingine hadi Krismasi. Watoto wa huko walikuwa wameshaiona video, maana mzazi mmoja aliigawa, na walimwita Msichana wa Tope hadi akaacha kula mchana pamoja nao. Januari hakurudi. Alihamia mji jirani wa Fort Worth kwa binamu yake, akapata kazi kwenye ghala la kufunga mizigo, na mama akimpigia simu alikuwa akijibu kwa Kiingereza ambacho mama hakielewi. Kanisani hakuonekana tena. Annonciata alisema Amerika imemwibia mtoto. Kila Jumapili, ulipofika wakati wa kuwaombea watu kwa majina, alikuwa akianza na mwalimu Gichuki, Mungu amzidishie, kisha ndipo anamfikia binti yake.